Jiwe Jeupe la Kaka Yangu

Wakati wa Wajerumani niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa sehemu ya moyo wa jirani, kwamba chini ya kila jiwe jeupe waliloliweka juu ya vilele vya Uluguru amezikwa mtu. Tena si mtu aliyelazwa kama wazikwavyo watu. Amesimama wima, kama nguzo ya kati ya nyumba. Ilisemwa kwamba milima ile ina tabia ya kusogea, kila masika inateremka hatua mbili kuja mjini, na Mjerumani aliyeletwa kuipima alichoka kupima kitu kisichotulia. Basi akaamua kuipigilia misumari. Msumari wenyewe ni mtu, na jiwe ndilo kichwa cha msumari.

Na ushahidi tulikuwa nao! Kiangazi, mchana kweupe, mwanga ulikuwa ukimetameta juu ya kilele kimoja, na baada ya kitambo kilele cha pili kinajibu. Watu wa Morogoro tuliacha shughuli zetu tukasimama barabarani, mikono juu ya macho. "Hao," tunaambiana, "wanasalimiana." Ungeniambia wakati ule kwamba ni wapimaji wanaonyeshana vioo, ningekucheka mpaka uhame mtaa. Na sikuwa mtoto. Nilikuwa na ndevu za kutosha kufagilia ukumbi.

Nacheka ninapoandika haya, lakini ni kicheko kibovu. Mtu mwingine uvumi ule ulimpotezea siku moja au mbili za mazungumzo. Kwetu uliingia ndani, ukakaa, ukala.

Nilikuwa na kaka mmoja tu, mkubwa wangu, baba na mama mmoja. Mabega yake yalikuwa mapana hivi kwamba akiingia mlangoni nyumba ilivuta pumzi kwanza ndipo apite. Jumbe alipokuja na askari kutaka wapagazi wa msafara wa Bwana Mpima, kila nyumba mtu mmoja, hatukuulizwa sisi tuchague. Aliyechagua ni mjomba. Kwetu Uluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, na kaka wa mama ndiye mwenye neno. Mjomba alinitazama mimi, akamtazama kaka, akasema, "Huyu mwembamba watamrudisha kesho na kiboko juu. Nenda wewe." Kaka akaenda. Reli ilikuwa haijafika Morogoro bado. Mizigo ilipokewa Mikese, reli ilipoishia, na kupandishwa milimani kwa vichwa vya watu: masanduku ya vyombo vya shaba, mapipa ya saruji, na mawe yaliyochongwa tayari, kila moja na uzito wa ndama.

Msafara ulipita chini ya kwetu mara moja, na kaka akapewa ruhusa ya kunywa maji. Mama alimkorogea uji kwenye bakuli lake la mti, lile alilochongewa siku alipotoka jandoni. Alipoinama kunywa, mama akaona kibati kinaning'inia shingoni kwa kamba ya katani. Akakishika.

"Hiki nini, mwanangu?"

"Ndiyo mimi hiyo, mama. Kule hawaniiti jina. Wanaita hiyo."

Mama hakujua kusoma, wala mimi, wala kaka mwenyewe. Alichukua kipande cha mkaa, akakitazama kile kibati kwa makini kama anayenakili uso wa mtu, akachora ukutani karibu na mafiga: mti umesimama, una kitawi kimoja kinachoinama kushoto, na kando ya mti, jembe la mpini mrefu lililofungwa kamba katikati. "Haya," akasema, "nikitaka kukuita nitaitazama hii." Kaka akacheka, akafuta mdomo, akajitwika pipa lake.

Hakurudi.

Masika yakapita, kiangazi kikapita, wapagazi wengine wakasikika wamelipwa na kuachiwa huko upande wa pili wa milima. Nilikwenda bomani kuuliza. Karani alifungua daftari, akapitisha kidole, akasema, "Amekufa. Homa." Nikauliza amezikwa wapi. "Milimani." Nikauliza milima ipi, bwana. Yule karani akaniinulia kidevu kwa kalamu, akanigeuza uso kuelekea dirishani, na Uluguru yote ilikuwa pale, kutoka mwisho hadi mwisho. "Si hiyo? Chagua mmoja." Askari aliyekuwa mlangoni akacheka mpaka bunduki ikamponyoka.

Sasa hapa lazima nieleze jambo moja. Kwetu mtu akizikwa, bakuli alilokuwa akilia hutobolewa kitako, likapinduliwa juu ya kaburi upande wa kichwa. Hapo asiyejua anajua: mwenye chombo hiki hali tena. Bila bakuli kutobolewa, mazishi hayajaisha. Lakini utalitoboa vipi bila kaburi? Utalipindua wapi? Mama alilihifadhi bakuli la kaka zima. Kila jioni aliliosha pamoja na vyombo vyetu, ingawa hakuna aliyelilia, akalipanga navyo. Jirani alipomwambia alie yaishe, mama alimjibu, "Nilie nimekaa wapi?"

Hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka, mahali pa kukaa.

Reli ikafika. Mimi nikateremka mjini, nikapata kazi ya kupima nguo dukani kwa Mhindi mmoja mpole, mtu ambaye alinipunja sauti tu, maana hakupaza yake hata siku moja. Jioni akinifungulia, naenda shule ya usiku. Karani mmoja kutoka pwani alitufundisha watu wazima kwenye chumba nyuma ya soko. Tulikuwa wanaume elfu moja na taa moja. Sawa, tulikuwa thelathini, lakini ungeingia kwa pua ungesema elfu. Tulianza na herufi, tukazimaliza, tukaingia kwenye hesabu. Na jioni moja mwalimu akaandika ubaoni, kwa chaki, mti wenye kitawi na jembe lililofungwa kamba.

"Hii ni kumi na saba," akasema.

Nikasimama. "Mwalimu, huyo ni kaka yangu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Muuza samli mmoja akauliza kama kumi na nane ndiye shangazi. Nilicheka nao, wallahi, nilicheka kuwashinda wote, mpaka mwalimu akanishika mkono akanitoa nje nipate hewa.

Nilihitimu shule ile, na cheti nikapewa. Wenzangu walikitumia kutafuta ukarani. Mimi nilikwenda nacho milimani. Nilishajua mawe meupe yana namba. Wachoma mkaa walikuwa wakisema yamechongwa alama. Na nilishajua chini ya kila jiwe kuna mtu. Unganisha mambo hayo mawili uone jinsi elimu inavyomfikisha mtu mbali. Nilipanda vilele vitatu bure. Cha nne kilikuwa juu sana, nilipishana na mawingu yakipanda yamechoka. Pale, kwenye uwazi uliofyekwa, jiwe limesimama, jeupe pe kwa chokaa, na ubavuni limechongwa: kumi na saba. Nililisoma mwenyewe. Nilifuatisha kwa kidole, kitawi, mpini, kamba. Kisha nikateremka kwa kasi hivi kwamba kivuli changu kilifika nyumbani kesho yake.

Mama alikuwa na ungo wa mahindi mkononi. Ni lazima mjue kwamba mama hakuwa mtu wa kuamini kila nilichosema. Alizoea kuniambia, "Maneno yako mpaka niyapepete kwanza." Nikisema nimeona chatu, anauliza kenge alikuwa mkubwa kiasi gani. Siku ile nilimweleza yote: jiwe, namba, watu waliozikwa wima wasogeze habari kilele kwa kilele. Aliweka ungo chini.

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, mama. Mti na jembe, kama ulivyochora."

Siku ile hakupepeta kitu.

Tulipanda alfajiri, tukafika adhuhuri imepita. Alibeba bakuli mwenyewe, hakukubali nimsaidie. Alipoliona jiwe hakulia kwanza. Alilizunguka. Aliliwekea kiganja juu, mahali ambapo kwa hesabu zetu pangekuwa utosi, akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa:

"Wamekusimamisha muda wote huu, mwanangu? Miguu haikuumi?"

Kisha akakaa chini. Alikaa kama mtu aliyefika baada ya safari ya miaka, na akalia vizuri, kwa mpangilio, mpaka akamaliza. Nikatoboa bakuli kwa ncha ya kisu, yeye akalipindua juu ya jiwe. Akamwaga mwenyewe, badala ya mjomba, unga uliokorogwa kwa maji, kidogo kidogo, pande zote. Mimi nilisoma Yasini. Niliijua mwanzo wake na mwisho wake, nikapita katikati haraka.

Toka siku ile mama akawa na kaburi, na nyumbani akawa mtu mwingine. Alifuta mkaa ukutani. Alipanga mawe ya mtoni kulizunguka lile jiwe. Alipanda mrehani, ukafa kwa baridi. Akapanda tena, ukafa. Mara ya tatu akaukinga kwa nyasi ukashika. Kila kiangazi boma lilituma watu kupaka jiwe chokaa upya, wakaliondoa bakuli, na yeye akalirudisha. Wala hakuwachukia. Alijivuna. Alipowakuta wanawake wenzake mtoni wanalalamika makaburi yao yameota magugu, aliwaambia, "Wangu serikali inampaka chokaa kila mwaka. Nyie wenu wanapakwa na nani?" Wakamchukia kidogo, kwa wivu. Nami nikavimba kichwa, maana jiwe lile nililileta mimi. Kwa kusoma.

Mjomba peke yake hakuwahi kupanda.

"Jiwe la Mjerumani si kaburi," alisema.

"Mjomba, namba ni ile ile."

"Namba naijua mimi? Mimi mtu namjua kwa ukoo wake. Nani alimwosha? Nani aliingia shimoni akampokea? Nionyeshe mtu mmoja, mwenye mdomo, aseme: nilimzika mimi. Hapo nitapanda hata kwa magoti."

Nilimwona mzee mkaidi. Nilimhurumia, Mungu anisamehe.

Mama akaugua kifua, miezi miwili, akawa mwepesi kama ganda la hindi. Siku ya mwisho aliyokuwa na sauti alituita, mimi na mjomba, akasema anataka azikwe kule juu, kwa mwanawe, asiendelee kusimama peke yake. Mjomba alitikisa kichwa palepale mbele ya mgonjwa. Alipofariki, ugomvi ulianza kabla maji ya kumwoshea hayajapata moto.

"Dada yangu ana mahali pake," mjomba alisema. Makaburi ya ukoo yako kando ya kijito, chini ya kwetu, na ni kweli alikuwa ameacha nafasi ubavuni mwa bibi, mama yao, hata mihogo alikataza isipandwe pale. "Amelala mama, amelala dada mkubwa, atalala yeye. Nikienda kumwaga unga nawataja wote kwa mwendo mmoja. Huko kileleni nitamtaja na nani? Na tai?"

"Atatajwa na kaka."

"Kama yuko."

"Mjomba, nimesoma! Imechongwa kwenye jiwe!"

"Chochote kinachongwa kwenye jiwe."

Hapo nikasema neno ambalo ningekuwa na uwezo ningelirudisha hata kwa kutambaa kutoka Morogoro mpaka Mlali. Nilisema, mbele ya waombolezaji, "Mjomba, wewe hujui kusoma. Nyamaza."

Mjomba alikuwa ameshika jembe la kuchimbia kaburi. Aligeuza mpini uje kwangu, akanikabidhi kwa mikono miwili, kama anayempa mgeni chakula.

"Haya, msomi. Ukoo mzima hatujui kusoma. Kamzike."

Tulipanda watu tisa na jeneza la miti. Wengine wote walibaki na mjomba. Ardhi ya kule juu ni mwamba uliojifunika shuka la udongo. Tulichimba mpaka jua likazama, na bado kina kilikuwa cha aibu. Tulimlaza ubavuni mwa jiwe, uso kibla. Nilitoboa bakuli lake nikalipindua. Unga hapakuwa na wa kuumwaga, maana mwenye haki ya kuumwaga na kumtaja mbele ya wazee wa ukoo ni mjomba, naye hakuja. Nikanunua chokaa mjini kwa mshahara wangu, nikapaka mawe ya kaburi la mama, ili yeye na kaka wafanane. Kwa mbali, ukiwa mjini na macho yako mazuri, ungeona doa moja kubwa na doa moja dogo.

Niliyaona kila siku nikitoka dukani. Nikawaonyesha watu kwa kidole.

Siku hizi vijana hunijia kuniuliza, wewe mzee uliyesoma, kaburi la baba tulijengee saruji au tuliache nyasi. Tuandike jina au haifai. Tupande maua au ni mambo ya wamisheni. Kila mmoja ana kitabu chake na shehe wake. Mimi nawaambia maji yanatosha, na mtu wa kung'oa magugu, na mkono wa ndugu juu ya udongo. Chokaa haina dhambi. Jina si lazima. Lakini mtafuteni kwanza aliyeingia shimoni, mwenye mdomo, aseme. Wananiona nimezeeka vibaya. Wanataka kusikia habari za saruji.

Miaka ilikuwa imepita tangu tumzike mama, mitatu au minne, na bendera ya bomani ilikuwa bado ile ile, alipoingia dukani mzee mmoja kununua nguo ya kanzu ya Idi. Nilimpimia. Akautazama mkono wangu, akasema kwa upole, "Unalegeza mwisho, mdogo wangu. Vuta, kisha usome." Akaishika nguo mwenyewe, akaivuta kati ya mikono miwili, na ikanyooka kama kamba ya fundi.

"Shikamoo, mzee. Ulikuwa mshonaji?"

"Marahaba. Hapana. Nilikuwa mshika mnyororo wa kupimia wa Bwana Mpima. Milima hii yote tumeivuta mimi na yeye."

Nikaruka meza. Nakwambieni niliruka meza, na mwenye duka akadhani moto. Nikamkumbatia yule mzee, nikamwita mheshimiwa, nikamwita baba. "Basi wewe ndiye uliyemzika kaka yangu!" Nikamvuta nje, nikamkalisha barazani, nikamwagizia kahawa. Nikamwonyesha kilele. Nikamsimulia kwa furaha yote, huku nikichora hewani mti na jembe: mabega ya kaka, pipa la saruji, namba kumi na saba, jinsi walivyomsimamisha wima, jinsi mama alivyopanda mrehani mara tatu, jinsi tulivyomzika pale pale ubavuni. Nikamwambia nitatuma mtu amwite mjomba leo hii, maana mjomba alikuwa akikutafuta wewe, mzee wangu, wewe na mdomo wako.

Yule mzee hakucheka mahali popote pa kucheka. Kahawa hakuigusa. Alikitazama kilele muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Mwenye mabega," alisema. "Namkumbuka."

"Eeh! Ndiye!"

"Kaa chini, mdogo wangu."

Nikakaa.

"Namba ile ni ya jiwe. Mawe yalikuwa na namba zake na wapagazi zao. Pale juu tulichimba shimo la kufika gotini, tukatia chupa tupu, na jiwe juu ya chupa, ili likianguka tujue mahali pake. Kila kilele tulifanya hivyo. Hatukuzika mtu kileleni hata mmoja. Kaka yako alishikwa na homa tukiteremka upande wa Mlali. Alikufa njiani asubuhi, tukamfukia kando ya njia, hatukumwosha, maana msafara haukusimama. Kibati chake alivishwa mwingine kabla ya saa sita. Ukinipeleka leo pale mahali sitapajua, pamelimwa. Kule juu yuko mama yako peke yake."